Dhoruba za Theluji na Skii za Nyika Minnesota: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa Waswahili wa Minnesota: waliokuja kusoma, waliokuja kufanya kazi hospitalini na kwenye nyumba za wazee, waliofuata wenza wao, na wale ambao hawakuulizwa wanataka kwenda wapi. Maswali ni yale yanayoanza kumiminika kila Novemba, mengi yakitanguliwa na "hivi kweli". Anayejibu anapenda theluji, kwa hiyo usitegemee kuhurumiwa hapa. Dai langu ni moja: baridi ya huku haizoeleki mtu akijifungia ndani. Inazoeleka nje, ukiwa unatembea na umevaa inavyopasa.

Skii za nyika ni zipi? Ni zile za kwenye televisheni?

Mara nyingi zile za televisheni ni za mlimani. Mtu anapandishwa na lifti, kisha anashuka kwa kasi ya gari huku kiatu kimebanwa kuanzia kidole hadi kisigino. Skii za nyika zina tabia ya mbio za nyika: unapita msituni, kwenye viwanja vya gofu vilivyofunikwa na theluji, wakati mwingine juu ya ziwa, na hakuna mashine ya kukupandisha kilima. Kiatu kinashikwa mbele tu, kisigino kinanyanyuka, na nguvu ni ya miguu na mikono yako. Skii zenyewe ni vibao virefu vya kuvaa miguuni, vyembamba na vyepesi.

Mitindo ni miwili. Wa jadi unafuata mifereji miwili iliyochongwa na mashine, kila mguu kwenye wake, mbele kwa mbele. Wa pili unasukuma kwa upande, kulia na kushoto, kwenye njia pana iliyosawazishwa. Una kasi zaidi na unachosha zaidi. Anza na wa jadi. Anayekushauri vinginevyo ana miaka ishirini na anasahau kwamba wewe huna.

Mchezo huu ulifika huku na wahamiaji wa Norwei na Uswidi katika karne ya 19. Kwao skii zilikuwa chombo cha kwenda dukani, kanisani na kuwinda kabla hazijawa starehe.

Mtu aliyezaliwa Tanga au Kisumu anaweza kweli?

Muulize Philip Boit. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800 kutoka Kenya, na mwaka 1996 alipelekwa Ufini kujifunza mchezo huu wakati hajawahi kugusa theluji. Mwaka 1998 alishiriki Olimpiki ya Majira ya Baridi kule Nagano, Japani, akiwa Mkenya wa kwanza kufanya hivyo. Katika kilomita 10 za mtindo wa jadi alimaliza wa 92, wa mwisho, kama dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei. Dæhlie hakwenda kwanza kuchukua medali yake. Alisimama kwenye mstari wa mwisho akimsubiri, na Boit alipofika akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie, akarudi kwenye Olimpiki za 2002 na 2006.

Kisa hiki hupendwa kwa ajili ya lile kumbatio. Mimi nakipendea jambo jingine. Boit alikuwa na moyo na mapafu ya mwanariadha wa kimataifa, na bado skii zilimsumbua. Pumzi peke yake haitoshi. Kinachochelewa kuja ni ujasiri wa kusimama juu ya mguu mmoja unaoteleza na kuuacha uteleze. Nimeona wakimbiaji hodari wakihangaika, na mama mmoja aliyekua akicheza rede akipatia mapema kuliko wote.

Baridi kiasi gani ni baridi iliyozidi?

Kwanza elewa kipimo. Marekani wanatumia Farenhaiti, sisi tumekua na Selsiasi, na wageni wengi huponzwa hapo. Redio ikitangaza ishirini, usidhani ni ishirini ya Nairobi asubuhi. Ni karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Vipimo hivi viwili vinakutana mahali pamoja tu, nyuzi 40 chini ya sifuri, na Minnesota imewahi kupita hapo: tarehe 2 Februari 1996, karibu na mji mdogo wa Tower, kipimo kilishuka hadi 60 chini ya sifuri kwa Farenhaiti, yaani 51 chini ya sifuri kwa Selsiasi.

Kuanzia hapa natumia Selsiasi. Kati ya -2 na -10 ndiyo raha yenyewe: theluji kavu, hewa safi, mwili unapata joto haraka. Kati ya -10 na -18 bado ni pazuri kwa aliyevaa vizuri, ila skii zinakuwa nzito. Skii huteleza kwa sababu msuguano wake unatengeneza utando mwembamba mno wa maji juu ya theluji; baridi ikizidi utando huo haupatikani vizuri, na chembe za theluji zinabaki na makali yake. Utahisi unasukuma mchanga wa ufukweni. Hujaishiwa nguvu, theluji ndiyo ilivyo.

Chini ya -20, hata mashindano ya Shirikisho la Kimataifa la Skii huahirishwa au kufutwa. Mabingwa wakirudi hotelini, nawe baki nyumbani.

Halafu kuna upepo, na huo ndio wa kuogopwa. Hewa ikiwa -18 na upepo ukivuma kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kama vile ni -28, na inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Ndiyo maana msituni siku ya -15 kunaweza kuwa na starehe kuliko ziwani siku ya -8. Kanuni ya wenyeji ni nzuri: anza safari ukikabili upepo na urudi ukiwa umeupa mgongo. Ukifanya kinyume, utakutana nao usoni wakati umeshachoka na umelowa jasho.

Nivae nini? Nina jaketi kubwa sana.

Hilo jaketi kubwa ni la kusubiria basi. Kwenye skii litakuumiza, kwa sababu hatari yako kubwa ni jasho. Mwili unaosukuma skii unazalisha joto jingi. Ukilowa, kisha ukasimama dakika chache kupiga picha, maji yale yanaanza kukupoza kwa kasi. Ukitoka nyumbani na huhisi baridi hata kidogo, umevaa nguo nyingi mno. Dakika kumi za kwanza unatakiwa ujikunyate kidogo.

Karibu na ngozi vaa sufu laini au kitambaa cha michezo kinachokauka haraka. Juu yake sweta jepesi, kisha jaketi jembamba la kuzuia upepo. Suruali vivyo hivyo. Pamba iache kabatini: fulana ya pamba, jinzi, hata ile kanga ya kujifunga kiunoni kwa ndani. Pamba ikilowa haikauki wala haitunzi joto.

Soksi ni jozi moja ya sufu. Wengi wanavaa mbili, kiatu kinabana, damu haifiki vidoleni, kisha wanalaumu kiatu. Glavu zisizotenganisha vidole zina joto zaidi kuliko zile za vidole vitano. Kofia lazima ifunike masikio. Shingoni weka kitambaa unachoweza kukivuta hadi puani, hasa kama una pumu: hewa baridi na kavu inayovutwa kwa kasi huibana mirija ya pumzi, na hata wachezaji wa kiwango cha juu wanasumbuliwa nayo. Mwenye pumu azungumze na daktari kabla ya msimu na atembee na dawa yake mfuko wa ndani.

Beba fulana kavu kwenye begi. Kuibadilisha mara tu unapomaliza, kabla ya soga, ni jambo dogo linalotenganisha wanaorudi wiki ijayo na wasiorudi.

Je, hijabu?

Haina tatizo. Hijabu ya michezo ya kitambaa chepesi kinachokauka haraka, kofia ya sufu juu yake, basi. Ncha zinazoning'inia zichomekwe ndani ya jaketi zisikamatane na fimbo mbili za kujisukumia. Wapo wanaovaa sketi fupi yenye joto juu ya suruali. Hata Wazungu wengi huivaa kwa ajili ya joto la mapaja, kwa hiyo hutakuwa wa ajabu.

Kwa wanaoswali: ukitawadha kabla ya kutoka, kausha uso, masikio na mikono kabisa. Na panga ratiba mapema, maana Desemba jua la Minneapolis linazama saa kumi na nusu jioni, na muda kati ya alasiri na magharibi ni mfupi mno.

Nasikia ngozi inaganda na vidole vinakatwa. Ni kweli?

Ni kweli, na hapa sitanii. Maelekezo mengi yanasema tafuta wekundu, kisha weupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Tafuta kupauka, rangi ya kijivu, ngozi kuwa ngumu na kung'aa kama imepakwa nta, na zaidi ya yote ganzi. Kidole kilichokuwa kinauma kikiacha kuuma ghafla wakati hujapata joto, hiyo ni habari mbaya. Tafiti za Jeshi la Marekani zimeonyesha kwamba wanajeshi weusi hupata majeraha ya baridi mara nyingi zaidi kuliko weupe, na sababu mojawapo ni namna mishipa ya vidoleni inavyofunguka tena baada ya kubanwa na baridi. Hii haina maana tusitoke. Maana yake tukaguane nyuso na tuwahi kurudi.

Ikitokea, ingia ndani. Usisugue, usipake theluji, usisogeze karibu na jiko, kwa sababu sehemu yenye ganzi inaungua bila wewe kujua. Tumia maji ya uvuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39. Kama kuna uwezekano sehemu hiyo itaganda tena njiani, usiiyeyushe kwanza, nenda hospitali.

Na mafuta mazito usoni? Yanasaidia ukavu, hayazuii kuganda. Yanakupa tu hisia ya joto isiyo ya kweli, na mtu mwenye hisia hiyo huchelewa kujifunika.

Dalili za mwili mzima kupoa ni nyingine: kutetemeka, maneno kukokota, kujikwaa, kufungua zipu vibaya. Anayetetemeka anahitaji nguo kavu na kinywaji cha moto. Aliyeacha kutetemeka huku bado yuko baridini na amechanganyikiwa anahitaji gari la wagonjwa, mara moja.

Dhoruba ikitangazwa, ninyi mnafurahi. Mnafurahia nini?

Tunafurahia kwamba njia zitakuwa nyeupe tena. Lakini dhoruba zina aina. Kuna ile inayoitwa Alberta Clipper, inayoshuka kwa kasi kutoka Kanada: theluji kidogo, upepo, kisha baridi kali nyuma yake. Na kuna Colorado Low, inayotoka kusini-magharibi ikiwa imebeba unyevu wa kutosha. Hiyo ndiyo inayozika magari. Mpenda skii akisikia Colorado Low anaanza kutafuta nta ya kupaka chini ya skii.

Theluji ikianguka taratibu bila upepo, toka. Usisubiri iishe. Theluji mpya ina nafasi nyingi za hewa ndani yake, inameza sauti, na barabara kubwa unayoisikia kila siku inanyamaza. Usiku taa za mji zinarudishwa na mawingu na ardhi, kila kitu kinakuwa na rangi ya chungwa hafifu, na hata bila tochi unaona njia. Magari yakiwa yamekwama, watu wa Minneapolis huteleza katikati ya mtaa kwenda kununua maziwa. Majirani ambao kwa miezi hawajakusalimu wanatokea na koleo kukusaidia kusukuma gari. Mimi hupika pilau siku hizo. Ukipika nyingi, utawafahamu watu wa mtaa mzima kabla ya Aprili.

Upepo ukiingia, hadithi inabadilika. Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa huita blizadi pale upepo unapofika kilomita 56 kwa saa na macho hayaoni zaidi ya mita 400, hali hiyo ikidumu saa tatu au zaidi. Hapo hakuna skii. Wenyeji wana kumbukumbu mbili za kuwapa adabu. Tarehe 11 Novemba 1940 asubuhi ilikuwa ya uvuguvugu. Wawindaji wa bata wakatoka na nguo nyepesi hadi visiwani mwa mto Mississippi, kisha hewa ikaporomoka, mvua ikageuka theluji, upepo ukainua mawimbi. Minnesota pekee walikufa watu 49. Ya pili ilianza tarehe 31 Oktoba 1991, watoto wakiwa mtaani kuomba pipi za Halloween: Minneapolis ilipata zaidi ya sentimita 70 za theluji, na Duluth kama 94. Ya kwanza inatajwa kwa huzuni, ya pili wanaisimulia wakicheka, na tofauti kubwa ni kwamba safari hii wengi walikuwa karibu na nyumbani.

Siku bora ya skii ni kesho yake. Dhoruba ikipita, hewa kavu ya kaskazini inaingia, anga linakuwa bluu, na mashine zinakuwa zimepita alfajiri kuchonga mifereji. Ila angalia kipimo, maana anga safi la usiku linaruhusu joto kupotea na asubuhi ile ile nzuri ndiyo huwa baridi kuliko usiku wa dhoruba.

Na kama dhoruba imenikuta ndani ya gari?

Baki ndani ya gari. Watu hupotea mita chache kutoka kwenye mlango wao wenyewe. Washa injini kama dakika kumi kila saa, na kila mara kabla ya kuwasha toka uondoe theluji kwenye bomba la moshi, kwa sababu moshi uliozibwa unarudi ndani na unaua bila harufu. Acha dirisha wazi kidogo. Kwenye buti la gari uwe na blanketi, koleo dogo, tochi, chakula kisichoganda kikawa jiwe. Ukiwa mjini, jiji likitangaza dharura ya theluji fuata sheria za maegesho usiku huo huo. Gari litavutwa, na gharama ya kulikomboa ingelipia skii za mtoto.

Mambo ya nta yananichanganya.

Yanachanganya kila mtu, na wengine wanapenda yawachanganye. Katikati ya skii ya mtindo wa jadi panahitaji kushika theluji unapokanyaga, halafu paachie unapoteleza. Njia ya zamani ni nta ya kushika inayochaguliwa kwa joto la siku: kijani kwa baridi kali, bluu kwa baridi ya kawaida, nyekundu karibu na sifuri. Ukikosea, ama skii hazishiki unarudi nyuma kilimani, ama zinabeba theluji chini unakuwa umevaa visigino virefu.

Mwanzoni nunua au kodi skii zenye magamba yaliyochongwa chini, au zenye ukanda wa manyoya mafupi. Hazihitaji nta ya kushika, zinafanya kazi siku nyingi, na zinakuacha ufikirie miguu yako. Nta za florini msizinunue hata mkiuziwa kwa bei ya kutupa. Zina kemikali zinazodumu kwenye maji na udongo, na Shirikisho la Kimataifa limezipiga marufuku mashindanoni tangu msimu wa 2023/24.

Nitashukaje kilima bila kuvunjika?

Piga magoti kidogo, uzito mbele, mikono uione mbele yako. Kupunguza kasi, kusanya ncha za mbele, panua mikia, skii zifanye umbo la kabari, kisha kandamiza kingo za ndani. Ukiona mambo yanaharibika, kaa chini kwa upande. Kuanguka kwa hiari hakuumizi kama kuanguka kwa kupigania. Kuinuka: lala ubavu, panga skii sambamba zikikingama na mteremko, piga magoti, simama. Fanya zoezi hilo uwanjani siku ya kwanza, watu wakiwa wachache.

Kilima kirefu vua skii utembee pembeni ya njia, usikanyage mifereji. Wenyeji ni wapole kwa mengi, si kwa nyayo za viatu kwenye mifereji yao. Ukisikia mtu nyuma anaomba njia, sogea kulia. Mbwa hawaruhusiwi kwenye njia nyingi.

Ziwa limeganda. Naweza kupita juu?

Idara ya Maliasili ya Minnesota inashauri angalau inchi nne, sentimita 10, za barafu mpya iliyo safi kwa mtu anayetembea. Barafu nyeupe ina nguvu ndogo zaidi. Theluji juu ya barafu ni blanketi, inachelewesha kuganda, kwa hiyo ziwa lililofunikwa si lazima liwe imara. Kaa mbali na midomo ya mito na chini ya madaraja. Kama huna mwenyeji wa kukuongoza, baki msituni.

Watoto waanze na umri gani?

Wakishaweza kukimbia bila kuanguka kila mara. Mwanzoni wasipewe fimbo, maana fimbo zinageuka panga. Wapeleke muda mfupi, wachezeshwe, wapewe chokoleti moto, mrudi kabla hawajaomba kurudi. Glavu ziwe jozi mbili, kwa sababu ya kwanza italowa. Na kwenye kiti cha gari vua lile jaketi nono kwanza: mkanda unaoonekana umekaza juu yake huwa umelegea.

Mama amekuja kutembea, ana presha. Atoke?

Kutembea taratibu siku ya -5 isiyo na upepo kutamfurahisha, baada ya daktari wake kukubali. Baridi inabana mishipa na kupandisha shinikizo la damu. Asichoruhusiwa ni kushika koleo. Kusukuma theluji nzito mapema asubuhi huwaangusha watu wenye moyo dhaifu kila msimu. Mama zetu hawakai bure wakiona kazi, kwa hiyo koleo lifichwe.

Wapi, na kwa gharama gani?

Minneapolis anza Theodore Wirth Park: kuna kukodisha, mafunzo, njia zenye taa za usiku na theluji ya kutengenezwa. Kwa walioko Brooklyn Park na jirani, Elm Creek iko karibu sana. Kusini kuna Hyland Lake, na upande wa Saint Paul kuna Battle Creek. Zote zina mashine za theluji. Kwenye njia za jimbo, mwenye miaka 16 na zaidi anahitaji pasi ya skii ya jimbo. Viwanja vya jiji na vya wilaya vina pasi zao, kwa hiyo soma tovuti ya uwanja kabla ya kwenda. Kodi mara chache kwanza. Ukipenda, tafuta vifaa vilivyotumika, na usikubali kiatu kinachobana kwa sababu tu ni rahisi. Kiatu ndicho kinachoamua.

Hiyo Birkie wanayoizungumzia ni nini?

Ni American Birkebeiner, mbio za kilomita 50 kati ya Cable na Hayward kule Wisconsin, zinazofanyika Februari tangu 1973. Jina linatoka Norwei, ambako mwaka 1206 wapiganaji wawili walimvusha mtoto wa mfalme, Haakon, milimani kwa skii ili kumwokoa na maadui. Kuna mbio fupi pia. Usijiandikishe ya 50 mwaka wako wa kwanza; nenda ukashangilie, ule soseji, uone wazee wa miaka sabini wakipita.

Theluji ikikosekana?

Inatokea. Majira ya baridi ya 2023/24 yalikuwa na joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa Minneapolis. Hata hivyo Februari 2024 Theodore Wirth iliandaa mashindano ya Kombe la Dunia la skii za nyika, ya kwanza Marekani tangu 2001, juu ya theluji ya kutengenezwa, huku watu maelfu kwa maelfu wakipiga kengele za ng'ombe. Jessie Diggins wa Afton, Minnesota, aliyepata dhahabu ya Olimpiki pamoja na Kikkan Randall mwaka 2018, alimaliza wa tatu nyumbani kwake, na Gus Schumacher wa Alaska akashinda kilomita 10 za wanaume. Birkie ya mwaka huo ilizungushwa kwenye duara la kilomita 10. Kuzunguka duara kunachosha akili, lakini kunajenga ufundi: kilima kile kile, mara nyingi, mpaka mguu uelewe.

Niko Oslo, si Minnesota.

Basi una bahati kutuzidi. Panda treni ya jiji namba 1 hadi Frognerseteren, shuka, funga skii, uko Nordmarka, msitu wenye njia za skii. Walioko Ottawa wana Gatineau Park ng'ambo ya mto. Ushauri wa nguo na upepo ni ule ule.

Ninunue lini?

Machi. Maduka ya kukodisha yanauza vifaa vya msimu uliopita, na watu waliokata tamaa Januari wanatoa vyao karibu bure. Safisha skii, zipake nta nene chini bila kuikwangua, zihifadhi mahali pakavu mbali na hita, zikiwa zimelegea, msizifunge kwa nguvu katikati zikapoteza upinde wake. Novemba kwangua hiyo nta, na usome utabiri.